Mbwa wa jirani wanateseka kwenye mnyororo na mwenyewe yuko visiwani: nianzie wapi?

Mkazi wa Kitangiri aliuliza:

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kwa wanaofahamu taratibu za mtaa na kwa wanaofahamu mifugo, kwa sababu ninataka kuchukua hatua lakini sitaki hatua hiyo iniharibie ujirani ambao umekuwa mzuri kwa miaka mingi.

Ninaishi Kitangiri, hapa Mwanza, upande wa mlimani, ambako nyumba zimejengwa katikati ya mawe na ua wa mtu huonekana wote kutoka kwenye kibaraza cha nyumba iliyo juu yake. Jirani yangu wa chini ni tajiri wa mitumbwi ya dagaa na muda wake mwingi anakaa kambini visiwani. Mkewe na watoto wako Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa hiyo nyumba ameachiwa kijana mmoja wa kuilinda, pamoja na mbwa wawili wa kienyeji, dume na jike. Mbwa hao wamefungwa mchana na usiku kwenye nondo iliyosimikwa ubavuni mwa jiwe kubwa. Asubuhi jiwe linawakinga na jua, lakini ikishapita saa sita kivuli huhamia upande wa pili ambako mnyororo haufiki, nao hubaki kwenye jua pamoja na joto linalotoka kwenye jiwe lenyewe hadi jioni. Sufuria ya maji ipo, ila mara nyingi ninaiona imepinduka.

Anayenisumbua zaidi ni yule dume. Alifungwa shingoni kwa kipande cha kamba ya nyavu alipokuwa mdogo, akakua, na kamba haikulegezwa. Sasa upande mmoja imefunikwa na manyoya kiasi kwamba huioni, na upande wa pili imezama kwenye kidonda chenye majimaji ambacho nzi hawabanduki. Ncha za masikio yake zimeliwa na nzi hao hao mpaka zimekuwa nyeusi na zina magamba. Jike ana upele mgongoni na mbavu zake unaweza kuzihesabu ukiwa mbali.

Nimezungumza na kijana, tena kwa upole. Ameniambia kwamba tajiri humtumia kwa simu fedha ya chakula chake yeye, wala hajawahi kutaja mbwa, na kwamba anachowapa ni ukoko wa ugali siku ambazo ukoko upo. Sioni kama ni mtu mkatili. Jirani mwingine amenishauri niwatupie chakula usiku kupitia ukutani. Mwingine akasema nimwambie kijana awafungulie waende zao. Na wa tatu, bila aibu, akasema watiliwe sumu ili wapumzike. Hilo la mwisho silifikirii kabisa, lakini mawili ya kwanza yamenigusa. Je, kuna njia iliyo bora, na sheria inasemaje?

Mwenyekiti mstaafu wa mtaa alijibu:

Ndugu mwulizaji, nimeongoza mtaa katika Wilaya ya Ilemela kwa vipindi zaidi ya kimoja, na mashauri ya mbwa niliyoyapokea yalikuwa mengi kuliko ya mipaka ya viwanja, kwa hiyo niruhusu nianze na lile la kutupa chakula ukutani usiku. Usilifanye. Wezi wa hapa Mwanza wana mtindo wa kurusha nyama yenye sumu usiku kabla hawajaingia ndani, na kila mlinzi analijua hilo. Mbwa wale wakifa wiki moja baada ya wewe kuonekana ukirusha kitu, hata kama wamekufa kwa ugonjwa, hutakuwa na namna ya kujieleza. Na kwa jinsi mambo yalivyo katika mkoa wetu, mtu anayekwenda usiku ukutani kwa mwenzake anaweza kupewa jina baya zaidi kuliko la mwizi. Ukitaka kulisha, lisha mchana, kupitia mlangoni, kwa mkono wa kijana, na watu wakiona.

La pili ni kuzungumza na mwenye mali uso kwa uso. Umesema ni tajiri wa dagaa, na hilo linakurahisishia kazi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza na hupumzika mwezi unapokuwa mkubwa, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa. Mwulize kijana kama tajiri wake hurudi mjini mbalamwezi au huenda Nansio. Akija, usimfuate siku anayoshuka, anapokuwa na hesabu za wavuvi na wadai mlangoni; mwache alale, kisha nenda asubuhi na mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili, awe mzee wa mtaa, katekista au imamu, kulingana na imani yake.

Maneno ya kwanza ni muhimu. Ukianza na "unawatesa mbwa," atakujibu kwamba mbwa ni wake na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Mwambie kuna kidonda ambacho pengine hajakiona kwa sababu ya safari, na kwamba unaogopa kitaoza mbwa afe na nyumba ibaki bila ulinzi. Mwanamume aliyeko kambini hujali sana nyumba yake iliyoko mjini. Halafu usimtaje kijana kama mtu aliyekupa habari, kwa maana atafukuzwa yeye na mbwa watabaki vilevile.

Ikishindikana, ndipo ufike ofisi ya mtaa. Mwenyekiti atamwita, na akikaidi, suala litakwenda kwa mtendaji wa kata ambaye anaye afisa mifugo wa kata. Huyo ndiye unayemtaka. Nakusihi jambo moja zaidi: picha za mbwa hao usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Nimeona mara nyingi mtu akishaaibishwa mbele ya majirani huacha kabisa kushughulikia tatizo na kuanza kutetea heshima yake. Piga picha zenye tarehe, zitunze, na mwonyeshe afisa peke yake.

Msomaji wa Igoma alijibu:

Mimi nitasema kinyume kidogo, na naomba nisieleweke vibaya. Katika mitaa yetu kuna watoto wanaolala na njaa, na wenye mbwa wengi wanawafunga kwa sababu nzuri: mbwa akizurura atakula kuku wa watu, atapigwa mawe na wanafunzi, au atauawa halmashauri inapopita kuwapunguza mbwa wasio na wenyewe. Mnyororo ndio unaowaweka hai mbwa wengi wa Mwanza. Isitoshe, mbwa wa ulinzi akilishwa vizuri na kubembelezwa hulala fofofo. Mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Tajiri huyo hakununua mapambo.

Daktari wa mifugo alijibu:

Nitaanza na ndugu wa Igoma kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli na nusu nyingine ndiyo inayotuletea mbwa mahututi. Ni kweli kwamba kuwafungulia mbwa hawa waende zao si kuwaokoa. Wataishi kwenye majalala, jike atazaa tena, na wakikutana na mbwa mwenye kichaa hakuna atakayejua. Lakini dai la kwamba njaa humfanya mbwa awe mlinzi mzuri halina msingi. Mbwa mwenye njaa na upungufu wa maji huokoa nguvu zake kwa kulala, hubweka ovyo kwa kila kinachopita kwa sababu ana hofu, na mwizi akija na kipande cha nyama humwuzia nyumba hapo hapo. Wapo hata wanaowalisha pilipili kwa imani hiyo hiyo, na matokeo yake ni mbwa mwenye tumbo bovu. Mbwa aliyeshiba ndiye anayekataa nyama ya mgeni.

Kuhusu sheria, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ambayo inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia na inamwekea mmiliki wajibu wa kumtunza, ikiwa ni pamoja na chakula, maji, mahali pa kujikinga na matibabu. Kumtesa au kumtelekeza mnyama ni kosa. Sheria hiyo pia inatambua wakaguzi wa ustawi wa wanyama. Hata hivyo, haikupi wewe jirani ruhusa ya kuruka ukuta wala kumchukua mbwa wa mtu, kwani hapo utakuwa umeingia kwenye makosa ya jinai ya kawaida. Kumwekea mbwa sumu nako ni kosa, na ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu chambo hakichagui: anakila paka, kuku, kunguru, na mtoto aliyeokota.

Katika uzoefu wangu, ofisi nyingi hazisukumwi na neno "anateswa." Zinasukumwa na neno "hajachanjwa." Uliza, kabla ya lolote jingine, kama mbwa hawa wamewahi kupata chanjo ya kichaa cha mbwa na kama kuna cheti. Chanjo hiyo huanza mbwa akiwa na umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka, na ili ugonjwa usisambae katika eneo inatakiwa mbwa wasiopungua asilimia 70 wawe wamechanjwa, kwa hiyo mbwa wawili wasiochanjwa kwenye njia wanayopita watoto si jambo la ndani ya ukuta wa mtu mmoja. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, takriban watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Afisa mifugo akiingia uani kwa ajili ya chanjo, atakiona kidonda kwa macho yake, nawe hutakuwa umemshitaki mtu. Mimi nimefika kwenye nyua nyingi kwa mlango huo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ni wakati mzuri wa kuuliza ofisi ya mifugo kama kuna chanjo ya pamoja katika kata yenu, ingawa kwa hali uliyoieleza nisingesubiri Septemba.

Kuhusu mahitaji yao, maji yaje kabla ya chakula. Mbwa anahitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na kwenye jua kali zaidi ya hapo. Mbwa wa kilo 15 anakaribia lita nzima. Sufuria inapinduka kwa sababu mnyororo unaikumba kila anapogeuka. Chukua ndoo ya rangi iliyokatwa nusu, ichimbiwe ardhini mpaka ukingo ubaki kidogo tu juu, au iwekewe jiwe ndani, tatizo hilo litakwisha siku hiyo hiyo. Nondo nayo ihamishiwe mahali ambapo mnyororo unafika pande zote mbili za jiwe. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na akikosa kivuli na maji kwa pamoja anaweza kufa kwa joto alasiri moja.

Chakula kirudishwe polepole. Mbwa aliyekonda kiasi hicho akipewa sahani kubwa kwa huruma anaweza kuharisha, kutapika, hata kufa, kwa sababu mwili wake umezoea kuishi bila kitu. Mpe kidogo mara tatu au nne kwa siku, kwa siku kadhaa, kisha ongeza.

Upele wa jike unatibika, na dawa si ghali ukilinganisha na faida yake, ila aandikiwe na mtaalamu baada ya kupimwa uzito. Nawaomba wasomaji wote waache kuwapaka mbwa oili chafu ya gari, na waache kuwaogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyopimwa kwa macho. Mbwa hujilamba. Nimepokea mbwa wengi waliougua kwa tiba kuliko kwa upele. Kijana naye anawe mikono kwa sabuni baada ya kuwashika, kwa kuwa aina moja ya upele huu humwasha binadamu pia. Na atazame vidole vya miguu ya mbwa kama kuna funza, maana funza wa mbwa na funza wa miguu yake mwenyewe ni wale wale.

Aliyewahi kulinda nyumba alijibu:

Shikamooni wakubwa. Mimi nimekuwa kijana wa aina hiyo kule Bwiru kabla sijapata kazi nyingine, na ningependa mwulizaji asikie upande ambao hauandikwi sana.

Unapoachiwa nyumba unaachiwa maneno mengi kuhusu geti, taa na funguo, na mbwa wanatajwa mwishoni kana kwamba wanajilea. Ukimpigia bosi kumwomba fedha ya mbwa, anaona unatafuta nyongeza ya mshahara kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo unanyamaza, na unawagawia kile kidogo ulicho nacho, na siku ukikosa wewe wanakosa na wao. Nilikuwa ninaogopa hata kuwasogelea, kwa kuwa hakuna aliyenionyesha namna ya kuwashika.

Kilichobadilisha mambo ni mama mmoja jirani aliyekuwa akiuza chakula. Hakunihoji. Alikuja getini mchana na ndoo ndogo yenye kifuniko, akasema, "Mwanangu, makombo yangu ninayamwaga kila siku, nisaidie kuyamaliza." Kwa maneno hayo sikuona aibu wala sikuona kwamba bosi wangu anasemwa. Baadaye alimwambia bosi mwenyewe, mbele yangu, kwamba kijana wako anawatunza mbwa vizuri ila mfuko wa pumba umekwisha. Bosi akatoa fedha papo hapo, na tangu siku hiyo pumba na dagaa wa mbwa vikawa sehemu ya hesabu ya nyumba. Inafikirisha kwamba mtu anayeuza dagaa kwa magunia, kama huyo wa Kitangiri, anaweza kukosa dagaa wa mbwa wake mwenyewe, lakini naamini hajaombwa kwa namna hiyo. Dagaa waliovunjikavunjika au walioingia mchanga kambini hawana bei nzuri sokoni.

Mkazi wa Kitangiri aliandika tena:

Nawashukuru wote, na namshukuru kwa namna ya pekee huyu wa mwisho, kwa sababu nilikuwa nimemwona kijana kama mlango tu wa kupitia kwenda kwa tajiri.

Nimefuata ushauri kwa sehemu. Ndoo imechimbiwa, na kijana ameifanya kazi hiyo mwenyewe kwa furaha. Ninampelekea maji ya kuosha mchele na mabaki ya ugali mchana, kupitia getini. Tajiri bado yuko kambini. Kijana anasema mwezi ukikua atapita mjini kabla ya kwenda Nansio, na mzee mmoja wa jumuiya yetu amekubali kufuatana nami. Afisa mifugo wa kata nimempata kwa simu, akaniuliza swali lile lile la chanjo, na kijana hajui chochote kuhusu cheti.

Ninayo maswali mawili. Kwanza, hapa mapanki ya sangara, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, yanapatikana kwa bei ndogo; je, yanawafaa? Pili, jana wakati kijana anamwagia dume maji, mbwa alimparura mkononi kwa jino, si sana, damu ilitoka kidogo tu. Anasema ni mchubuko. Nimwache?

Daktari wa mifugo alijibu:

Nianze na la pili, na tafadhali usilisubirishe. Usimwache. Leo hii, hata kama imepita siku moja, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili akitazama saa, kisha aende kituo cha afya aeleze kwamba ameparurwa na mbwa asiye na chanjo inayojulikana. Watakaoamua juu ya sindano ni wahudumu wa afya, wala si mimi na wewe. Ukubwa wa jeraha si kipimo. Jino lililotoa damu linatosha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema kabla ya dalili huzuia ugonjwa. Asipakwe majivu, mafuta ya taa wala dawa ya kienyeji, na asiende kwa mganga kwanza.

Mbwa mwenyewe asiuawe. Afungwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10. Akiwa na kirusi kwenye mate yake siku ile alipomparura kijana, ndani ya siku hizo ataonyesha dalili au atakufa: sauti itabadilika na kukwaruza, atatokwa na udenda, atashindwa kumeza, ataanza kuuma mnyororo na vitu visivyo na maana, au atalegea taya na miguu. Akifika siku ya 10 akiwa mzima, hofu hiyo imekwisha. Nadhani, kwa jinsi ulivyoeleza, aliparura kwa sababu maji yaligusa kidonda, lakini hapa hatuendi kwa kudhani. Mweleze afisa mifugo habari hii leo, kwa kuwa sasa si suala la huruma tena, ni taarifa anayopaswa kuifanyia kazi bila kusubiri mwezi, na tajiri apigiwe simu huko huko kambini. Nina imani ataitikia haraka akisikia kwamba kijana wake amejeruhiwa.

Mapanki yanafaa yakichemshwa vizuri na mnofu ukachambuliwa. Mifupa ya sangara ni migumu na hukwama kooni, hivyo asipewe mzimamzima kama watu wengi wanavyofanya. Changanya mnofu huo na dona au pumba iliyopikwa, bila chumvi wala kitunguu.

Kamba ya shingoni usijaribu kuikata mwenyewe, wala kijana asijaribu, hata kama mbwa anawapenda. Imeshikana na nyama, na maumivu yake yatamfanya amuume yeyote aliye karibu. Mtaalamu atamfunga mdomo kwa kitambaa, atamtuliza kwa dawa, atanyoa manyoya, atakata kamba na kusafisha kidonda, na kwa kawaida mbwa huyo atahitaji kusafishwa tena mara kadhaa kabla ngozi haijafunga. Baada ya hapo avalishwe mkanda mpana ambao vidole viwili vinapita chini yake, na usivalishwe mpaka kidonda kikauke. Kwa muda huo afungwe kwa mkanda wa kifuani. Kuhusu jike, zungumzeni na mwenyewe juu ya kumfunga kizazi atakapopata nguvu, maana asipofungwa, kila anapokuwa kwenye joto la kutaka dume, madume ya mtaa mzima yatapigana nje ya geti hilo.

Siku mtakayopanga na mtaalamu, kijana asiwape mbwa chakula tangu usiku uliotangulia, kwa sababu dawa ya kutuliza inaweza kumfanya mbwa atapike na kupaliwa. Maji waendelee kupata hadi asubuhi.